Uliza Fundi: Injini ya hewa moto

SWALI: Nimeunda injini ya hewa moto kwa mkebe wa maziwa ya unga. Kranki, yaani mhimili uliopindwa unaozunguka, ni spoku ya baiskeli, na puto limeshika nafasi ya pistoni. Nikiiwekea koroboi inazunguka kama dakika 2, kisha inazima. Kuongeza moto hakusaidii.
Msomaji, Kariobangi

JIBU: Moto unao wa kutosha. Kinachokosekana ni baridi. Injini hii huendeshwa na tofauti ya joto kati ya chini na juu ya mkebe, na baada ya dakika 2 kifuniko nacho kimeshapata moto. Ukikuza mwali unapasha pande zote mbili. Zungushia kifuniko ukingo wa bati wa sentimita 3, mimina maji, na uyabadilishe yakianza kuwa vuguvugu.

Kisha kagua kihamisha hewa, yaani lile bunda linalopanda na kushuka ndani. Likiwa fupi, joto hulipita kirahisi. Urefu wake uwe mara 3 ya mwendo wake: likisafiri milimita 20, liwe na urefu wa milimita 60. Pembeni liachie nafasi ya milimita 1 hadi 2, lisiguse mkebe popote. Kama umelitengeneza kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, usizishindilie. Hewa ikipenya katikati yake huacha joto inapopanda na kulichukua tena inaposhuka. Robert Stirling wa Uskoti alilipatia hataza (haki ya mvumbuzi) wazo hilo la kuhifadhi joto mwaka 1816, na ukilipuuza unapoteza sehemu kubwa ya moto wako bure.

Kabla ya kubomoa chochote, fungua waya unaounganisha puto na kranki, washa moto, kisha pandisha na kushusha bunda kwa mkono. Likipanda, puto livimbe. Likishuka, puto libonyee. Puto likitulia tu, hewa inavuja. Acha mkebe upoe, paka povu la sabuni kwenye viungo, puliza kidogo, utaona mapovu. Mara nyingi uvujaji uko pale waya wa bunda unapopita kwenye kifuniko: upitishe ndani ya kibomba chembamba chenye urefu wa sentimita 2 au 3, usogee bila kukwama. Viungo vya chini usivichomelee risasi, kwa kuwa ile ya kawaida ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi tu.

Kama puto linapumua vizuri na bado injini inagoma, pima kranki. Bunda linapaswa kulitangulia puto kwa robo mzunguko, nyuzi 90.

SWALI: Kupinda kranki yenye mikono miwili kunanishinda. Hakuna muundo wenye vyuma vichache?
Msomaji, Kawangware

JIBU: Upo, na ni mzuri sana: ule wa Ossian Ringbom wa Finland, uliopata hataza Marekani mwaka 1907. Kranki inashikwa na pistoni peke yake. Bunda halijafungwa popote. Lina fimbo nene inayotokeza nje kupitia upande wa baridi. Shinikizo la ndani likizidi la nje, fimbo husukumwa nje, bunda hupanda, na hewa hukimbilia kwenye moto. Pistoni ikishatanua hewa na shinikizo likishuka chini ya lile la nje, fimbo hurudishwa ndani.

Fimbo ikiwa nyembamba kama waya haitapata nguvu ya kulisukuma bunda. Bomba la sindano la kioo linafaa mno, kwa kuwa pistoni yake hukaa sawasawa bila mafuta. Bunda liwe jepesi. Weka pete za mpira za kuzuia kishindo, moja chini ya kifuniko na nyingine kwenye fimbo kwa nje. Upande wa moto mpira utaungua. Injini ikienda kasi kupita kiasi, bunda halimalizi mwendo wake na nguvu inapungua, kwa hiyo usiikimbize.

SWALI: Naweza kuijaza upepo kwa pampu ya baiskeli iwe na nguvu zaidi?
Msomaji, Umoja

JIBU: Kwa mkebe, hapana kabisa, utapasuka. Ni kweli nguvu huongezeka kadiri shinikizo linavyopanda, ndiyo maana injini hiyo hiyo Nairobi hutoa karibu moja ya tano pungufu kuliko Mombasa, ambako hewa ni nzito. Lakini hata kwenye silinda imara, hewa iliyoshindiliwa ikikutana na moto na mafuta ya kulainisha huweza kulipuka. Injini kubwa za aina hii hutumia heliamu au hidrojeni. Wewe punguza msuguano kwanza: flaiwili, yaani gurudumu la kranki, ikizungushwa kwa kidole bila moto, bunda na puto vikiwa vimefunguliwa, iendelee yenyewe mizunguko kadhaa kabla ya kusimama.