Kijana unayeanza kufungua haibridi, anza na vumbi

Mama mmoja muuza vitenge wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliniletea Prius ya mwaka 2006, ile haibridi ya Toyota yenye injini ya petroli na mota ya umeme, ikiwa imewasha pembetatu nyekundu ya onyo kwenye dashibodi. Nilipitisha valizi, mashine ya kusomea makosa ya gari, ikasoma P0A80, namba ya kosa la betri kubwa inayolisha mota. Bila kufungua hata kifuniko kimoja nikamwambia: mama, betri kubwa imekufa. Akaniangalia kidogo, akasema, "Basi papa, ni weye unajua." Akachukua pesa ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana kwa zamu, tukaagiza betri iliyotumika, ikapita mpakani Kasumbalesa, nikaifunga. Ile ya zamani ikaenda kwa wanunua chuma.

Mwezi wa kumi, joto lilipopanda, gari likarudi na pembetatu ileile na namba ileile ya kosa. Ndipo nilipotoa plastiki za ubavuni mwa buti na kufikia feni ya betri. Ni feni ndogo, ya duara, yenye mapezi mengi membamba yaliyopangana kama meno ya kitana. Mapezi hayakuonekana. Udongo mwekundu wa Lubumbashi ulikuwa umeshikana na nyuzi za vitenge na nywele mpaka ukawa kama kipande cha blanketi. Nilipouchokoa kwa bisibisi ulitoka mzima, ukiwa na umbo la feni. Na matundu ya kuingizia hewa, yaliyo pembeni ya kiti cha nyuma, yalikuwa yamezibwa na marobota ya vitenge yaliyopangwa hapo kila siku ya soko.

Betri ya kwanza labda ingepona kama ningesafisha feni na kubadilisha moduli mbili, yaani vipande viwili tu kati ya vinavyoiunda. Nilimweleza ukweli, nikatengeneza ile ya pili kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo sijamtajia mtu yeyote neno betri kabla ya kutoa feni na kuitazama kwa macho yangu. Wadogo zangu mnaoingia kazi hii, hili ndilo ninalotaka mlishike kabla ya mengine yote: haibridi nzee nyingi zinazokuja kwetu zikiwa zimezima taabani zimeuawa na joto, si umri. Na joto hilo lina sababu ambayo unaweza kuishika mkononi.

Tazameni betri yenyewe. Prius ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003, na ya kizazi cha tatu ya mwaka 2009, zote zina moduli 28 zilizosimama bega kwa bega. Kila moduli ina seli sita za nikeli na volti 7.2, jumla volti 201.6. Aqua ya kizazi cha kwanza, haibridi ndogo ya Toyota, ina moduli 20, volti 144. Kila umeme unapoingia au kutoka, moduli zinapata joto, na zile za katikati hazina pa kulitolea ila kwenye hewa inayopita kati yao. Feni ikichoka, za katikati ndizo zinazoanza kufa. Ukifungua sanduku ukakuta mbovu zote ziko katikati, usiendelee na kazi mpaka uitazame njia ya hewa.

Hewa hiyo inatoka ndani ya gari, pale pale wanapokaa watu. Kwenye Aqua betri iko chini ya kiti cha nyuma, na hewa inaingilia chini huko huko, karibu na viatu vya abiria. Sasa fikirini takisi inayozunguka Ruashi na Kampemba, humu humu Lubumbashi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, vioo viko wazi, watu wamebanana nyuma na mifuko ya unga magotini. Kitabu cha gari kiliandikwa na watu wenye barabara za lami. Hapa kwetu, gari la kazi lisafishwe feni kabla ya kiangazi na tena mwezi wa tisa kabla ya joto kubwa. La mtu anayekwenda ofisini na kurudi, mara moja kwa mwaka. Kutoa feni, kuipiga brashi kavu na hewa ya kompresa huku umeizuia isizunguke, na kuirudisha, ni kazi ya asubuhi moja. Wengine wanabandika kitambaa kwenye matundu kama chujio. Sikatai, lakini mwenye gari akisahau kukifua, amejitengenezea ugonjwa uleule kwa mkono wake. Na mfundisheni asizibe matundu kwa mzigo. Mwonyesheni kwa kidole, yalipo.

Kabla ya kugusa hilo sanduku, nisikilizeni vizuri. Umeme wa nyumbani ni volti 220. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uendeshe mota, kwenye Prius ya kizazi cha pili inafanya kazi na umeme uliopandishwa hadi volti 500, ya kizazi cha tatu hadi 650. Nyaya zenye rangi ya chungwa ndizo zinazoubeba. Umeme huu hautakupa nafasi ya kujuta.

Na gari hili linadanganya, kwa sababu liko kimya. Likiwa limewashwa na neno READY linawaka kwenye dashibodi, injini inaweza kuwa imezima, ukadhani gari limelala. Umeinama kwenye kapo, mkono uko karibu na mkanda, kompyuta inaona betri imeshuka, injini inawaka yenyewe. Kwa hiyo ufunguo wa rimoti nauweka mbali, mezani, ng'ambo ya uwanja. Kisha natoa waya hasi wa betri ndogo, ile ya volti 12. Kisha navaa glavu za mpira za mafundi wa umeme, zile za volti 1000, baada ya kuzikunja na kuzibana kama puto nione kama zinavuja hewa, maana tundu dogo kama la sindano linatosha kukuua. Nachomoa plagi ya usalama ya betri na kuitia mfukoni mwangu, isije ikarudishwa na mtu mwingine akidhani anasaidia. Nasubiri dakika kumi ili vihifadhi umeme vya inveta vijimwage, halafu napima kwa mita. Mita ikisoma sifuri ndipo naanza. Hata hapo, ndani ya sanduku la betri umeme bado upo. Plagi imekata njia tu, haikuzimaliza seli. Pete na saa ya chuma vitoke mkononi.

Nimewahi kumfukuza kijana garajini kwa siku nzima kwa sababu alisema dakika kumi ni nyingi. Alirudi kesho yake, na leo ndiye ninayemwamini zaidi.

Kuhusu kubadilisha moduli moja moja, wateja wanapenda kwa sababu ni rahisi mfukoni. Mimi naifanya, lakini namwambia mtu wazi kwamba moduli zote 28 zimezeeka pamoja, na ikifa moja leo, jirani yake anaweza kufuata baada ya miezi. Kompyuta inazisoma mbili mbili, makundi 14. Usipime gari likiwa limesimama tu, maana likipumzika hata moduli mgonjwa inaonyesha volti nzuri. Mpe mwenzako usukani, wewe shika valizi, panda kilima, ukanyage mafuta, uone ni kundi gani linashuka kuliko wenzake. Hilo ndilo. Ukiingiza moduli nyingine, zifunge zote sambamba zipumzike pamoja mpaka zilingane volti. Usichaji moduli iliyo peke yake bila kuibana pande zote mbili, kwa sababu inavimba na haitaingia tena mahali pake. Vipande vya shaba vinavyoziunganisha mara nyingi vina kutu ya kijani. Visugueni ving'ae, nati zirudi kwa nguvu ndogo, kama niutoni-mita 5. Vijana wenye mikono ya kufungulia magurudumu ya lori wamekwisha kuvunja nguzo nyingi za moduli hapo. Maji ya ndani ya moduli si asidi kama ya betri ya kawaida, ni magadi makali. Yakikugusa, osha kwa maji mengi, tena mengi.

Betri ndogo ya volti 12 inastahili heshima zaidi ya inayopewa. Ikishuka, gari linawasha taa za kila namna, za freni, za usukani, za haibridi, na fundi mwenye haraka anaanza kuhesabu dola za mteja. Ipime kwanza. Ikiwa imetulia inapaswa kuwa karibu na volti 12.6. Kwenye Prius iko buti, ndani ya nafasi ya watu, ndiyo maana ina mrija wa kutolea gesi nje. Ukiweka betri yoyote ya sokoni isiyo na mrija, gesi hiyo inabaki na abiria. Na ukiliamsha gari kwa betri nyingine, angalia chanya na hasi mara mbili. Kukosea hapo kunaunguza kibadilishi cha umeme, na bei yake itakuumiza.

Sasa nirudi kwenye joto, maana kuna tabia yetu ya hapa inayoua haibridi polepole. Gari likichemka, fundi wa zamani anatoa terimosta, kile kilango kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, na kukitupa, anajaza maji ya bomba, anasema sasa litapoa. Kwenye haibridi hilo ni kosa mara mbili. Injini hii inazima yenyewe pale tu maji yakifikia joto linalotakiwa. Bila terimosta inachelewa kupata moto, kwa hiyo inaendelea kuunguruma kwenye msongamano, na mwenye gari anarudi akilalamika kwamba haibridi inakunywa kama lori. Maji ya bomba nayo yanaleta kutu na magamba kwenye mabomba membamba. Tumia kulanti ya pinki inayotakiwa, yaani maji maalumu ya kupozea, na terimosta mpya.

Inveta ina mzunguko wake wa maji, mbali na wa injini, na pampu yake ni ya umeme. Kwenye kizazi cha pili pampu hiyo inajulikana kwa kufa bila kelele. Washa gari mpaka READY, fungua kifuniko cha tangi dogo la inveta, chungulia kwa tochi. Maji yakiwa yanachezacheza, pampu inafanya kazi. Yakiwa yametulia kama ya kisima, usimruhusu mtu kwenda Likasi na gari hilo, hata akikuambia ana msiba. Mkopeshe nauli.

Kizazi cha tatu kina ugonjwa wake. Injini ya lita 1.8 inarudisha sehemu ya moshi ndani ili kupunguza joto la mwako, na kipoza moshi, kifaa kinachoupoza moshi huo, kinaziba kwa masizi. Kikiziba, joto linapanda ndani ya silinda, na mwishowe gasketi ya kichwa cha injini inaachia. Dalili ya kwanza inakuja asubuhi: gari linatikisika na kugonga kwa sekunde chache likiwashwa, halafu linatulia. Mwenye gari anazoea. Wewe usizoee. Angalia kiasi cha kulanti, toa kipoza moshi pamoja na njia za moshi kwenye manifoldi, safisha. Mimi nazisafisha kila kilomita 80,000 hivi, na kwa gari lililotoka Japani bila historia, nafungua mara tu linapofika.

Oili nzito tunayomwagia Hiace haifai hapa. Injini inazima na kuwaka mara nyingi kwa safari moja, inahitaji oili nyepesi inayofika juu haraka, 0W-20 au 5W-30. Oili ya giaboksi watu wanasema haibadilishwi maisha yote; ibadilisheni kila kilomita 100,000, muone rangi yake. Freni zinadumu kwa sababu mota inasaidia kusimamisha gari na kurudisha umeme, lakini kwa kutotumika sana pini zake zinaganda, na vumbi letu linasaidia kuzigandisha. Zitoeni, zipakeni grisi. Lakini kabla ya kufungua freni toa waya wa betri ndogo, maana kwenye magari haya kufungua mlango wa dereva kunaweza kuamsha pampu ya freni wakati vidole vyako viko kwenye kalipa.

Mambo mawili mwambieni dereva mwenyewe. Akikwama kwenye foleni ndefu asiweke N, kwa kuwa katika N injini haiwezi kuchaji betri kubwa. Aache D na akanyage freni, au aweke P. Na mafuta yakiisha asilazimishe gari kujivuta kwa betri mpaka kwa muuza petroli wa chupa. Haibridi hii haina sitata ya kawaida, ile mota ya kuwashia injini. Betri kubwa ndiyo inayoizungusha injini ili iwake. Akiimaliza kwa kilomita moja ya ubishi, hata akijaza tangi injini haitawaka, na mtalivuta kwa lori mpaka kwako.

Anayesafiri kwa miezi aache ufunguo kwa mtu wa kuaminika, aliwashe gari mpaka READY kila wiki mbili, aliache nusu saa. Na kabla ya kuondoka, mtoleeni feni.