Pikapu imeliwa kutu, nianze na nini?

SWALI: Shikamoo kaka, nimechukua Hilux ya zamani kwa bei ya kutupa huku Mikindani, milango na sakafu zimeliwa na kutu, nataka niitengeneze mwenyewe nyumbani, nianze na patii ya kujazia mashimo au rangi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hivyo vyote baadae, ingia kwanza chini uangalie chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Gongagonga na nyundo ndogo, hasa zinaposhikia springi za nyuma na pale matope yanapojikusanya, ikilia ngo! chuma kizima, nyundo ikizama basi hapo pa kukata na kuchomelea bati jipya, na kama imeoza urefu wote bora uuze spea tu usijidanganye. Kabla ya kuchomelea toa taminali za betri na tanki la mafuta ling'oe kabisa, hata likiwa tupu mvuke wake unalipuka. Kutu piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, osha na maji ya bomba maana upepo wetu wa bahari una chumvi na ikibaki chini ya rangi kutu inarudi, kausha vizuri, piga praima (rangi ya kwanza ya kukinga chuma) siku hiyohiyo. Patii juu ya kutu (wauzaji wanaupenda mchezo huo) inavimba inadondoka. Na vitundu vya chini ya milango usivizibe, maji yatokee wapi sasa?