Jiko la mkaa na mwili mnene: majibu ya maswali yenu

Baridi ya Juni ikianza, maswali ya jiko la mkaa chumbani huwa hayaishi. Safari hii mengi yametoka kwa watu wenye uzito uliozidi, na naanza na lile lililonitia hofu.

Daktari, nimesoma mtandaoni kwamba gesi ya kaboni monoksaidi, ile inayotoka kwenye mkaa unaowaka, inapunguza unene. Nina kilo 104. Je, nikikaa karibu na jiko la mkaa kidogo kidogo, nitapungua? (Msomaji, Morogoro)

Hapana, ndugu yangu, na nakusihi usijaribu hata mara moja.

Utafiti wenyewe upo kweli. Mwili hutengeneza kiasi kidogo mno cha gesi hii kila siku, seli nyekundu za damu zilizochakaa zinapovunjwa, na wanasayansi wanachunguza inafanya kazi gani humo. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya panya waliolishwa vyakula vya mafuta mengi huku wakipewa dawa iitwayo CORM-A1, ambayo huachia gesi hiyo taratibu ndani ya mwili. Panya hao hawakunenepa kama wenzao.

Lakini hao ni panya, na dozi yao ilipimwa maabara. Mpaka leo hakuna dawa ya kupunguza uzito wa binadamu iliyoidhinishwa inayotumia gesi hii. Jiko lako halina dozi. Kinachotoka hubadilika kwa aina ya mkaa, ukubwa wa chumba, hata upepo wa usiku huo. Gesi yenyewe haina rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ukiisubiri ikupunguze kilo, itakuwa imekunyang'anya fahamu kwanza.

Shikamoo daktari. Mume wangu ni mnene, anasema mafuta yake yanamkinga na sumu ya mkaa. Ni kweli? (Mama wa watoto watatu, Njombe)

Marahaba mama. Si kweli. Gesi hii hushika damu na misuli, ukiwemo moyo, na mafuta hayaizuii kufika huko. Watoto ndio hujaa gesi hii haraka zaidi, kwa kuwa hupumua kwa kasi. Walaze mbali na jiko kabisa.

Kuhusu mumeo, hofu yangu ni kile kinachoandamana na unene. Wengi wenye kiribatumbo wana shinikizo la damu au kisukari, na mishipa ya moyo imeanza kuziba bila wao kujua. Wengine hukoroma sana na pumzi hukatika usingizini, kwa hiyo oksijeni yao hushuka usiku hata bila jiko. Mtu wa namna hiyo hana akiba ya oksijeni.

Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1989 ambao huwa naukumbuka. Wanaume 63 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo walivutishwa gesi hii kwa kipimo, kisha wakafanya mazoezi kwenye mashine. Hawakuchaguliwa kwa unene wao, lakini moyo wa aina hiyo ndio tunaoukuta mara kwa mara kwa watu wanene. Gesi ilipofikia asilimia 2 hivi ya hemoglobini, dalili za moyo kukosa oksijeni zilijitokeza mapema kwa asilimia 5. Ilipokaribia asilimia 4, zilijitokeza mapema kwa asilimia 12. Viwango hivyo ni vidogo sana, mtu hata haumwi kichwa. Mpeleke mumeo akapimwe presha na sukari, na umweleze daktari kuhusu kukoroma.

Mimi huacha jiko la makaa nje mpaka moshi uishe, ndipo naliingiza chumbani na kuziba chini ya mlango kwa kitambaa. Juzi niliamka na kichwa kikigonga na kichefuchefu. Kliniki walinipima kidoleni wakasema oksijeni ni 98, niko sawa. (Msomaji, Limuru)

Pole sana. Hukuwa sawa, na naomba usilale tena hivyo hata leo usiku.

Moshi kuisha si usalama. Makaa yaliyokolea wekundu bila moshi hutoa gesi hii kwa wingi, na kile kitambaa mlangoni kiliifungia ndani pamoja nawe. Kuhusu kipimo, kile kifaa cha kubana kidoleni hupitisha mwanga na kusoma wekundu wa damu. Damu iliyobeba kaboni monoksaidi nayo ni nyekundu, basi kifaa huihesabu kama ina oksijeni. Ndiyo maana ulisomeka 98. Kinachotakiwa ni kipimo maalumu cha damu, na pale kisipokuwepo, maelezo yako ndiyo kipimo. Sema mapema kabisa, "Nililala na jiko." Mkiumwa kichwa nyumba nzima bila homa, nafuu ikaja mkitoka nje, shukuni jiko.

Matibabu ni oksijeni ya hospitali. Ukipumua hewa ya kawaida, gesi huchukua kama saa 4 hadi 5 kupungua nusu. Kwa oksijeni tupu ni saa moja na kidogo. Aliyezimia mtoe nje kwanza, kisha tafuta gari.

Maziwa je? (Kijana, Mwanza)

Hayasaidii. Yanaingia tumboni, sumu iko kwenye damu. Na aliyelegea akinyweshwa anaweza kupaliwa.

Nina uzito mkubwa na navuta sigara. Naogopa nikiacha nitazidi kunenepa. (Baba, Mombasa)

Utaongezeka, pengine. Wastani kwa wanaoacha ni kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Ila moshi wa sigara nao una gesi hii. Kumbuka ile asilimia 4 ya utafiti wa moyo: wavutaji wengi hutembea nayo kwenye damu kila siku. Ukizima sigara leo, ndani ya siku moja au mbili gesi hiyo hurudi kiwango cha asiyevuta.

Watafiti wanaofuatilia familia za Framingham, Marekani, walichapisha mwaka 2013 kwamba walioacha sigara walipungukiwa na hatari ya magonjwa ya moyo hata pale walipoongezeka uzito. Acha sigara kwanza, baba. Kilo tutazishughulikia baadaye: punguza soda na vya kukaanga, tembea jioni, na urudi kliniki kupimwa kila baada ya miezi mitatu.