Seleniamu: kidonge kipi kinaingia mwilini?

SWALI: Nina chupa mbili za vidonge vya seleniamu. Moja imeandikwa selenomethionini mikrogramu 200, nyingine seleniti ya sodiamu mikrogramu 100. Muuzaji wa duka la dawa anasema ya kwanza ndiyo "inayoshika". Ni kweli? Je, naweza kumeza zote, pamoja na vitamini C?
Msomaji, Tanga

JIBU: Muuzaji hakukosea, ila amekuambia nusu ya habari. Seleniamu ni madini ambayo mwili huhitaji kwa kiasi kidogo sana. Selenomethionini ni seleniamu iliyofungwa ndani ya asidi amino, yaani tofali la kujengea protini, na utumbo huipokea kama unavyopokea metionini, asidi amino ya kawaida iliyomo kwenye samaki au mayai: asilimia 90 hivi au zaidi. Seleniti ni chumvi. Hufyonzwa kiasi cha nusu au kuzidi kidogo, kutegemea kilichomo tumboni. Ipo na selenati, chumvi nyingine ya seleniamu, ambayo hupenya karibu yote, kisha nyingi ikatoka na mkojo.

Lakini kuingia si kutumika. Mwili haubagui selenomethionini na metionini ya kawaida, hivyo sehemu yake hupachikwa kwenye misuli na kwenye albumini, protini ya damu, ikakaa humo hadi protini hizo zivunjwe. Ndiyo maana kipimo cha damu hupaa bila vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini) vinavyohitaji seleniamu kuongezeka kwa kadiri hiyo. Seleniti haiwekewi akiba ya namna hiyo.

Vitamini C ya gramu nzima ikikutana na seleniti tumbo likiwa tupu, huweza kuigeuza kuwa seleniamu tupu, unga mwekundu usioyeyuka, nao hupita ulivyo hadi chooni. Meza seleniti na chakula cha asubuhi, vitamini C jioni. Selenomethionini haina tatizo hilo.

Zote mbili kwa siku moja, hapana. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 tu, mjamzito 60, anayenyonyesha 70, na mlaji wa samaki huenda keshazipata mezani. Vidonge vyako pamoja ni 300, wakati kikomo cha juu cha siku cha Ulaya tangu 2023 ni 255, chakula kikiwemo. Marekani ni 400. Soma lebo vizuri: mg 1 (miligramu) ni mcg 1,000 (mikrogramu).

Pumzi ikianza kunuka kitunguu saumu, mdomo ukiwa na ladha ya chuma, kucha zikikatika au nywele zikinyonyoka, acha vidonge na umwone daktari. Kama ulikuwa ukitumia selenomethionini, usishangae dalili zikichelewa kuisha: ile akiba ya misulini hutoka polepole.