Tunawaambia wateja mtandao unasumbua, kumbe tunamwogopa bosi

SWALI: Shikamoo dada. Mimi nauza duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi karibu na soko la Mbuyuni, tupo wanne. Mzee wetu, bosi, alileta lipa namba, ile namba ya duka mteja anayolipia kwa simu, tukafurahi maana wateja siku hizi hawatembei na keshi. Sasa kuna mwenzetu alihudumia mteja wa mabati, mteja akamwonyesha meseji kwenye simu yake kwamba kashalipa 280,000, wakapakia kwenye guta akaondoka, jioni mzee anaangalia hamna kitu. Weee! Alitukanwa mbele ya wateja, mara kichwa maji mara umetumwa na wezi, na kaambiwa mwezi huu hana mshahara. Tangu siku hiyo mteja akitaka lipa namba tunamjibu mtandao unasumbua, lete keshi. Mzee anasema sisi washamba hatutaki teknolojia. Ni kweli? Na mwenzetu anaweza kukatwa mshahara wote? – Wa kaunta, Moshi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Washamba wapi bwana, M-Pesa iko Tanzania tangu 2008 na nyie hao hao mwisho wa mwezi mnamtumia mama kijijini hela pamoja na ya kutolea, leo mgeuke washamba mkifika kaunta? Mnachokwepa ni matusi. Ukikosea chenji ya keshi unafidia buku mbili kimya kimya yanaisha, ukikosea lipa namba unaumbuliwa duka zima linasikia, sasa nani hatachagua keshi.

Kuna Mmarekani anaitwa Fred Davis aliandika 1989 kwamba mtu anakubali chombo kipya cha kompyuta akiona kinamsaidia kazi yake na hakimpi tabu kukitumia. Hapo kwenu msaada anaupata mzee, tabu mnaipata nyie. Halafu 1999 Lynne Andersson na Christine Pearson wakaeleza jinsi dharau ndogo kazini inavyozaa dharau nyingine, huyu kajibu hovyo yule naye analipiza, mpaka inakuwa kubwa. Nyie mzee hamuwezi kumrudishia tusi kwa hiyo mnamrudishia "mtandao unasumbua", na anayeumia ni duka (na yule mteja aliyepanda boda kutoka Kiboriloni bila keshi, maskini).

Ila nikuulize, simu yenye laini ya hiyo lipa namba inakaa wapi? Naweza kubet anatembea nayo mzee mfukoni, yeye yuko Himo nyie mko kaunta mnaangalia meseji ya kwenye simu ya mteja, ambayo hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuiandika mwenyewe. Hapo ndipo mlipopigwa, na kosa hilo siyo la mwenzenu peke yake. Simu ikae kaunta. Mzigo hautoki mpaka meseji iingie kwenye simu ya duka, na iwe imetoka kwa jina la huduma yenyewe siyo namba ya kawaida ya 07. Mzee akiogopa mtamwibia mwambieni kupokea hela hakuhitaji namba ya siri, kutoa ndiyo kunahitaji, abaki nayo kichwani mwake.

Mshahara wote hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 28 inasema kukatwa kwa hasara ni mpaka iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, aandikiwe sababu na kiasi na hesabu yake, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Ikishindikana kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na akifukuzwa asizubae maana kupinga kufukuzwa ni ndani ya siku 30.

Mimi lakini nisingeanza na CMA. Mzee naye kapoteza 280,000, inauma. Mchague mmoja anayesikilizwaga, amfuate jioni mkishafunga, aanze na habari ya simu kukaa kaunta, akianza na matusi mzee atajitetea mpaka asubuhi. Akishakubali la simu ndo amwambie, mzee, ukitusema tuite pembeni, wateja wakikusikia unatuita wezi hata wao watatuogopa.

SWALI: Bibi yangu anauza ndizi Kilombero, Arusha. Nimemwekea lipa namba, karatasi yake anaificha chini ya khanga. Nifanyeje? – Mjukuu, Ngarenaro

JIBU: Siku unamfundisha ulimwambia "lete bibi nikufanyie" ukamnyang'anya simu, eeh? Jumapili kaa naye, mlipe mia tano kwenye hiyo hiyo namba yake, aifungue meseji mwenyewe na aisome mwenyewe. Akichukua dakika kumi wewe kunywa chai.