Mdogo wangu, saitesheni hazifuati wingi wa pepa

Juzi kuna msomaji kaniandikia, daktari anayesomea patholojia, yaani kutambua ugonjwa kwa kuangalia vipande vya mwili kwenye darubini, na anataka kubobea kwenye magonjwa ya mfumo wa chakula kama mimi. Kaanza kwa adabu kabisa, "Shikamoo Dokta, nimeona profaili yako, naomba unipe siri ya kupata saitesheni haraka, nataka nitoe pepa nyingi h-indeksi yangu ipande." Saitesheni ni pale watafiti wengine wanapoinukuu pepa yako, yaani makala yako ya utafiti. Meseji hiyo imenigusa mahali. Najibu hapahapa maana najua mko wengi mnaowaza hivyo, kila mtu anataka jina lake lijulikane, na mimi siwalaumu, hata mimi nilitaka na bado nataka.

Tuanze na hiyo h-indeksi, namba inayopima pepa za mtafiti zinanukuliwa kiasi gani. Aliyeileta ni mwanafizikia, Jorge Hirsch, mwaka 2005, na hesabu yake nyepesi tu: ukiwa na h ya 10 maana yake una pepa 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10. Sasa ukitoa pepa 60 na hakuna hata mtu mmoja anayezinukuu, h yako ni sifuri, umejichosha bure. Halafu mwenye pepa moja tu iliyoingia kwenye kila maabara naye h yake ni 1. Lakini pepa moja inaweza kufika mbali: mwanapatholojia Pekka Laurén mwaka 1965 aliigawa saratani ya tumbo makundi mawili, ile inayojenga tezi kama za utumbo na ile ambayo seli zake zinasambaa mojamoja, na mpaka leo ripoti za saratani ya tumbo zinaandikwa na huo mgawanyo ndani yake. Kwa hiyo namba haikwambii kila kitu, msiiabudu.

Siri yangu ni moja tu. Kwenye fani yetu kinachonukuliwa ni kile ambacho mwenzako anakihitaji akiwa amekaa kwenye darubini na slaidi, kile kioo chenye kipande cha mgonjwa, iko mbele yake na hajui aandike nini. Basi. Chukua mfumo wa Sydney, mwongozo wa kusoma gastraitisi, yaani uvimbe wa ukuta wa ndani wa tumbo, ule uliorekebishwa Houston 1994 ukachapishwa 1996. Unakwambia chukua vipande vitano vya tumbo la mgonjwa, viwili sehemu ya chini karibu na mlango wa kutokea, viwili mwili wa tumbo, kimoja kwenye kona, halafu umewekewa michoro inayoonyesha hali ya kawaida, kidogo, wastani na kali, kwa bakteria, kwa nyutrofili (aina ya seli nyeupe za damu), kwa kusinyaa kwa tezi, kwa metaplasia (seli za tumbo kugeuka kuwa kama za utumbo). Michoro! Nimeiona imebandikwa ukutani pembeni ya darubini, imefubaa kabisa, na watu bado wanainua macho kuiangalia kabla hawajaandika. Kitu cha hivyo kitaachaje kunukuliwa?

Mimi pepa yangu inayonukuliwa kuliko zote haina jeni wala mashine ya bei mbaya. Mimi na wenzangu tulisoma slaidi zilezile za vipande vya tumbo, kila mtu peke yake, bila kuona jibu la mwenzake, tukalinganisha. Kwenye bakteria tulikubaliana vizuri tu. Kwenye kusinyaa kwa tezi, jamani, tulipishana vibaya! Kipande kimoja nakikumbuka, seli za kinga zilikuwa zimejaa mpaka zimezisukuma tezi zikaachana, mwenzangu kaandika zimepungua, mimi nikaandika zipo ila zimeachana. Tukakaa kwenye darubini ya vichwa viwili tukabishana slaidi kwa slaidi, na yale mabishano ndiyo yaliyozaa jedwali letu la vigezo pamoja na picha. Majarida yakaikataa, mhakiki mmoja kasema haina jipya, ikapita kwingine, na leo hii nafungua pepa za watu nisiowajua kabisa nakuta kwenye sehemu ya mbinu wameandika wamefuata vigezo vyetu. Raha yake siwezi kuificha.

Ila kuna nyingine inaniuma mpaka leo. Nikiwa bado mchanga kwenye kazi nilisoma slaidi zote za utafiti mmoja mkubwa wa utumbo, usiku baada ya kazi, na pepa ilipotoka jina langu likawa chini kabisa kwenye shukrani. Inanukuliwa sana ile pepa. Kila nikiiona imenukuliwa roho inaniuma upya, siwezi kudanganya. Kwa hiyo sikilizeni, kabla hujasoma slaidi ya kwanza ya utafiti wa mtu, muandikiane nani ni mwandishi na anakaa nafasi ya ngapi. Masharti ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba yako wazi: uwe umechangia kwa uzito, umeandika au kusahihisha, umeidhinisha toleo la mwisho, na uko tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Anayesoma slaidi zote anastahili kupewa nafasi ya kutimiza yote manne, siyo kushukuriwa. Usione aibu kulisema hilo, anayekuona mkorofi leo kesho atakutafuta tena.

Na acheni kukatakata data moja ziwe pepa tano, na acheni hizi za ninukuu nikunukuu, zinaonekana. Andika jina lako namna moja kila mahali, fungua ORCID, namba ya utambulisho ya mtafiti, ipo tangu 2012 na ni bure. Kwenye picha weka kipimo cha ukuzaji na taja rangi uliyopaka slaidi, kama ni Giemsa sema Giemsa. Na kumbukeni, mwanapatholojia Robin Warren mwaka 1979 aliona vijidudu vilivyopinda kwenye vipande vya tumbo, hao bakteria wanaoitwa leo Helicobacter pylori, akaendelea kuvitafuta wakati wengi hawamwamini, na mwaka 1983 yeye na daktari mwenzake Barry Marshall wakatoa barua mbili fupi kwenye jarida la tiba la Lancet. Barua, siyo pepa ndefu! Nobeli ikaja 2005. Mtu aliangalia vizuri, akaeleza alichokiona.

Sasa wewe uliyeniandikia, tafuta slaidi ambazo wewe na wenzako mnapishana kila wiki, msome kila mtu peke yake, halafu niandikie tena uniambie mmepishana wapi. Hapo tutaongea pepa.