Wanaokuja kuchukua damu za mbuzi vijijini, mi nimefanya nao kazi

Mkuu umeuliza hawa watafiti wa vyuo vikuu wa magonjwa ya mlipuko wanatusaidia nini sisi wa Dodoma, maana wanakuja na magari, wanatoa damu, wanaondoka. Mi nimewatafsiria Kigogo misimu miwili huku Bahi, ngoja nikwambie nilichokiona.

Anza na 2007. Ile homa ya bonde la ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza na watu, ilipopiga, nyama ilikosa mnunuzi kabisa, nchi nzima walikufa zaidi ya watu 100 na mkoa wetu uliumia vibaya. Nyumbani mbuzi walianza kutupa mimba kabla hajaugua mtu, tukawa tunavizika vile vitoto mikono mitupu, aliyelegea anachinjwa asipotee bure, maziwa tunakunywa mabichi kama siku zote. Mtu wa mifugo alikuwa na habari za mimba kutoka, zahanati hawana habari, kila mtu na daftari lake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa watu wanashangaa kwa nini wanapima mbuzi wazima wakati ugonjwa haupo. Ni kwamba kirusi hakiondoki, kuna mbu wanataga kwenye vidimbwi vya mbugani, mayai yanakaa na kirusi ndani ya udongo mkavu miaka na miaka, siku mvua kubwa ikijaza maji yanaanguliwa. Kwa hiyo mbuzi aliyezaliwa hapohapo kijijini miaka mingi baada ya mlipuko, ameshaacha kunyonya siku nyingi, hajachanjwa, akikutwa na kinga ya ugonjwa huo kwenye damu, ujue kirusi kinapita kimyakimya.

Damu wanatoa shingoni, vichupa vinasimamishwa kwenye meza ya mtendaji, ukisubiri unaona wekundu unashuka chini na juu yanabaki maji ya njanonjano, hayo ndo wanayavuta, wanaandika namba, yanaingia kwenye boksi la barafu. Bibi mmoja akaniuliza, mjukuu wangu, hii damu inaenda kuuzwa? Nikamweleza akaelewa, akauliza tena, majibu tutaletewa lini? Timu ile haikurudi, na mi ndo nakutana naye kila gulio.

Msimu wa pili ilikuja timu nyingine, hao walirudi, wakakaa na wanakijiji chini ya mbuyu wakasema wazi mbuzi wa hapa wamekutwa na kinga ya homa hiyo, chemsheni maziwa, mbuzi anayetupa mimba msimguse bila glavu, toeni taarifa. Yule bibi siku hizi maziwa anachemsha.

Pia usidhani ni wazungu tu. Pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine Morogoro, kuna kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuambukiza kinaitwa SACIDS, wanafanya afya ya watu na ya mifugo kwa pamoja, ndo waliotengeneza AfyaData, programu ya simu, mtu wa kijijini anaripoti kwa simu akiona dalili kwa watu au mifugo, yaani zile daftari mbili zinakutana. Na Oxford kule Uingereza wana chanjo ya binadamu ya homa hiihii, imetengenezwa kwa njia moja na ile ya korona ya AstraZeneca, bado iko kwenye majaribio. Ya mifugo ipo zamani.

Kwa hiyo mkuu msiwafukuze, ila kabla hamjatoa mkono wala mbuzi waulizeni mbele ya mwenyekiti majibu yanarudi lini na nani anayaleta, na muhtasari uandikwe. Kama timu iko kwenu sasa hivi taja kata, nikiwa karibu nitakuja kuwatafsiria wazee.